Nani Apewe Fremu ya Namkunda?

Sogeeni karibu, na aliye nyuma asogee pia. Hadithi hii ina kazi ndani yake, na kazi hiyo nitawaachia ninyi.

Palikuwa na watu watatu katika mji wa Same, kila mmoja na kipaji chake. Kiure alikuwa dereva. Miaka kumi na tisa alishika usukani bila kukwaruza gari la mtu, na mzazi aliyetaka mwanawe afundishwe kuendesha alimpeleka kwake. Nakijwa aliuza tangawizi kando ya barabara kuu. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu: alichokiona mara moja angekusimulia mwaka mzima baadaye, pamoja na rangi ya kanga uliyokuwa umejitanda. Wa tatu alikuwa Mbonea, fundi ujenzi, kijana wa miaka ishirini na saba. Yeye alijua kutunza siri. Wenzake walimwambia mambo ambayo hata wake zao hawakuyajua.

Mama yake Mbonea aliitwa Namkunda, mjane, mshonaji wa sare za shule. Asubuhi moja alikuwa akiendesha kigari chake, akasimama kwenye kivuko ili wanafunzi wavuke. Pikapu iliyobeba saruji ikamgonga kwa nyuma. Kichwa chake kilirushwa mbele, kikarudi nyuma. Wanafunzi hawakuguswa. Namkunda alishuka mwenyewe, akaona haya jinsi watu walivyomzunguka, akasema hajaumia. Kesho yake hakuweza kuinua kichwa kwenye mto. Hospitalini waliona kwamba mfupa wa shingo umehama, na vidole vyake havikuweza tena kushika sindano.

Dereva wa pikapu hiyo alikuwa Kiure.

Pikapu ilikuwa na bima, na bima ndiyo iliyopaswa kumtibu mama yule. Lakini tajiri mwenye pikapu aliwahi polisi. Aliandika kwamba kigari ndicho kilichorudi nyuma kikaigonga pikapu yake iliyokuwa imesimama. "Tia saini hapa," alimwambia Kiure, "au nipe funguo zangu." Kiure akatia saini.

Namkunda alitaka kuliacha jambo lipite. "Watu wanasema nauza shingo yangu," alimwambia mwanawe. "Naona aibu kwenda kudai, Mbonea."

"Bila matibabu mkono hautarudi, mama."

Akakubali kwa shingo upande. Baada ya miezi mitatu afisa wa bima akafika Same, na kikao kikafanyika ofisi ya mtaa, mbele ya mwenyekiti, Namkunda mwenyewe, tajiri, wajomba zake Mbonea na majirani waliojaa mpaka mlangoni. Afisa aliuliza kama yupo aliyeona ajali.

Nakijwa alikuwa ameiona yote. Lakini siku ya ajali jirani yake alikuwa anazikwa, na Nakijwa alikuwa amewatumia salamu kina mama wa kikundi chake kwamba ana homa, hawezi kutoka kitandani. Mzigo wake wa tangawizi ulikuwa umeanza kuoza, akaenda barabarani kuuza badala ya kwenda kuzika. Kwa miezi mitatu alinyamaza. Siku ya kikao alisimama, akaangalia sakafu.

"Kigari kilikuwa kimesimama. Pikapu ilikuja bila kupunguza mwendo. Mimi nilikuwa pale."

"Ulikuwa pale?" mwenyekiti wa kikundi chake akauliza kutoka mlangoni. "Si ulikuwa na homa?"

"Sikuwa na homa, dada. Niliwadanganya."

Afisa akaandika. Kisha akasema maneno ya shahidi mmoja hayatoshi kufuta taarifa ya polisi yenye saini ya dereva.

Kiure alikuwa ameketi nyuma ya tajiri wake. Alikuwa na sababu kubwa ya kunyamaza kuliko tajiri alivyojua. Barabara ilikuwa kavu siku ile, na breki zilikuwa nzima. Alisimama, kofia mkononi.

"Taarifa ile ni ya uongo," alisema. "Yeye hakurudi nyuma. Mimi nilisinzia."

"Ulikuwa mgonjwa?" afisa akauliza.

"Hapana. Usiku uliotangulia nilikunywa, nikalala saa mbili tu. Niliamka nilipogonga. Watoto niliwaona baada ya gari kusimama."

Ndani ya chumba kile walikuwemo vijana watatu waliofundishwa udereva na yeye. Hakuna aliyeinua macho. Afisa alisema kwamba mara nyingine dereva hupatana na mdai wagawane malipo, na kwamba asingemwamini Kiure kama asingekuwapo yule mama wa tangawizi. Sasa aliwaamini wote wawili.

"Lakini cherehani nayo huumiza shingo," aliendelea. "Nani anaweza kuniambia mama huyu alikuwaje kabla, na leo yukoje?"

Mbonea aliweza. Namkunda hakuwa na binti, na alimkataza jirani yeyote asiingie chumbani kwake. Alikuwa amemwapisha mwanawe: "Hili libaki kati yako na mimi mpaka nife." Kijana alimtazama mama yake, akaona anamkataza kwa macho. Hata hivyo akasema.

"Kabla ya ajali alishona sare nne kwa siku na kuteka maji mwenyewe. Sasa namvisha mimi. Namwogesha mimi. Chooni nampeleka mimi, na ninamsafisha mimi."

Mjomba mkubwa akageuzia uso ukutani. Namkunda alijaribu kujifunika kanga usoni, mkono ukakataa kupanda. Ilibidi Mbonea amfunike, mbele ya wote. Afisa akafunga faili.

Bima ikalipa. Namkunda alitibiwa Moshi, akarudi akiwa anajiogesha na kujivalisha, ingawa kushona hakuweza tena. Kwa kilichobaki alinunua fremu mbili za maduka karibu na shule. Moja ya kumlisha yeye. Ya pili aliitaka iwe shukrani, lakini kodi yake ingemtosha mtu mmoja tu.

Na wote watatu walikuwa na shida. Kiure alifukuzwa kazi siku ileile. Sasa anaponda kokoto, na hakuna anayempa gari. Kina mama wanapita mbele ya tangawizi ya Nakijwa bila kugeuka. Posa ya Mbonea imesimama. Baba wa msichana, tangu asikie yaliyosemwa kikaoni, amesema wampe muda afikirie, na sasa ni mwezi wa tano.

Namkunda akawaita nyumbani kwake, akawaambia nia yake. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mimi ndiye niliyekuumiza," Kiure alisema. "Nitapokeaje?"

"Nilikuona unateseka miezi mitatu nikaficha uongo wangu," alisema Nakijwa. "Mpe mwingine."

Mbonea akasema, "Niliapa kwako, mama, nikavunja."

Namkunda naye alishindwa kuwatazama. Alikumbuka kwamba baada ya kikao alimwambia mwanawe, "Umenivua nguo mbele ya watu," na wiki mbili hakusema naye, huku kijana akiendelea kumwogesha kimyakimya. Alikumbuka pia kwamba hakuwahi kwenda kununua tangawizi kwa Nakijwa tangu wenzake walipomtenga. Na Kiure alipomwamkia njiani, alikuwa amepita bila kuitikia.

Basi ninyi mlionisikiliza, hati ya fremu ya pili ipo mezani na ina nafasi ya jina moja. Bila Nakijwa, Kiure asingeaminiwa. Bila Kiure, saini ya uongo ingebaki pale pale. Bila Mbonea, maumivu ya mama yangehesabiwa kuwa ya cherehani. Kila mmoja alilipa kwa uso wake, na kila mmoja anaona hastahili.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili watakaobaki, ungewaambia nini?