Neno Lililofunguliwa Kamba Sokoni

Hapo zamani, katika mji mmoja wa bandari, palikuwa na sultani aliyeitwa Shatri, mtu mwema, ila kila jambo alilitaka liishe kabla ya chakula cha mchana. Mkalimani wake aliitwa Faki Mwijaa. Huyu Faki alikuwa ametembea dunia akajua lugha saba, na katika zote saba alikuwa amelala na njaa.

Basi siku moja wageni wanne walikuwa wakinywa kahawa katika baraza ya Sultani, wakagundua kwamba kila mmoja ana neno "ma" kwao. Mtaliani akasema maana yake ni lakini. Mwajemi akasema ni sisi. Mchina akasema ni farasi, ukiikunja sauti kidogo. Na baharia wa Vietnamu akanong'ona kwamba kwao ni mzuka. Ikawa ugomvi, kila mtu anaapa neno ni lake tangu babu na babu.

"Neno moja halina mabwana wanne!" akanguruma Sultani. "Mmoja ndiye mwenyewe, watatu ni wezi, na wezi watatwaliwa mali na kutolewa mjini. Ewe Faki, kesho adhuhuri nionyeshe mwenyewe. Ukishindwa, utaondoka nao."

Faki akarudi kwake, umri miaka hamsini, magoti miaka sabini, akamweleza mkewe, Mwanaidi.

"Lugha saba, baba Zuhura! Hukuweza hata kwa moja kusema, sijui, Maulana?"

"Niliweza kwa zote, mke wangu. Ila chakula cha mchana kilikuwa kimeiva, Maulana akaondoka kabla sijafungua mdomo."

Kulipokucha akaenda kwa Sultani, akapiga goti, akauliza, "Maulana, punda akiokotwa katika mji huu, mwenyewe hujulikanaje?"

"Swali gani hilo? Hufunguliwa kamba sokoni, akaachwa aende. Mlango atakaouingia, huyo ndiye mwenyewe, wala kadhi haulizwi. Ndiyo sheria ya marehemu babu yangu."

"Basi na neno hili ni la kuokotwa. Naomba sheria ya marehemu babu yako."

Sultani akafurahi kusikia babu yake akitajwa, wote wakaenda sokoni. Faki akaja akivuta kamba isiyo na kitu mwishoni, akipapasa hewa, akisema, "Taratibu, taratibu, usiwakanyage watu." Mama mmoja muuza vitumbua akasogeza sinia lake, asije akaingia hasara. Faki akafungua fundo, akavuta pumzi, na kwa kuikunja sauti kidogo ili asimdhulumu Mchina, akapiga ukelele:

"Maaa!"

Mchina akaruka pembeni kumpisha farasi. Baharia akajitia chini ya meza ya muuza halua.

"Sisi?" akauliza Mwajemi. "Sisi tumefanya nini tena?"

"Lakini nini?" akafoka Mtaliani. "Maliza basi, bwana!"

Watu wakaangua kicheko. Na nyuma ya Sultani, mikononi mwa yaya, mjukuu wake aliyekuwa akiota meno akanyoosha mikono, naye akalia, "Ma! Ma!" Sultani, bila kufikiri, akageuka akampokea, udenda ukamchuruzika juu ya joho.

"Maulana," akasema Faki, "limeingia milango minne kwa mpigo. Ila naona na wa tano. Kwenu maana yake nini?"

Sultani akawatazama watu, akamtazama mtoto. "Kwetu," akasema polepole, "ni, babu nibebe."

"Ahaa. Basi kama mwenyewe ni mmoja, wezi sasa ni wanne, na huenda mmojawapo ana meno mawili tu. Naye nimwitie mpagazi amfungie mizigo, atolewe mjini?"

"Thubutu!" akapaza sauti Sultani, akimkumbatia mtoto. Askari wakatazama vidole vya miguu yao. Kisha Sultani akajisikia alivyosema, akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamwangukia mjukuu usoni.

"Neno ni la kila aliyeitika," akasema. "Wageni na wakae na mali yao. Na huyu Faki apewe joho jipya, alishwe mpaka akatae mwenyewe."

Wageni wakampigia makofi, Faki akaongozwa jikoni. Sultani akataka kumrudisha mtoto kwa yaya, mtoto akasema, "Ma!" Basi akamshika tena, akaamua kesi zote za siku ile amempakata. Hekaya yangu imefika ukingoni, nami sikuambiwa alimteremsha saa ngapi.