Kiti cha Kumi na Tatu

“Unga wote huu wa kukaanga, ataula nani?”

Kidawa aliuliza hivyo katika jiko la mfalme wa Kavundo, na wanawake thelathini wakaendelea kukaanga mtama kana kwamba hawakusikia. Nanyi msiharakishe kujibu. Kwanza niwajulishe watu watatu.

Kidawa, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Lumeta, alikuwa na sikio. Akiwasikiliza watu siku tatu, ya nne anaongea kama aliyezaliwa kwao. Zamda, mpishi mkuu wa Kavundo, alikuwa na uso. Angeweza kukudanganya huku anakutazama machoni. Mwatatu, msuka kamba wa Lumeta, alikuwa na mikono. Daraja la kamba lililounganisha falme hizo mbili juu ya korongo alilisuka yeye, kwa miaka minne.

Lumeta ilimtuma Kidawa kupeleleza, naye akaingia Kavundo kama mtumishi wa jikoni. Unga wa mtama uliokaangwa haupikwi, unakorogwa kwa maji baridi. Anayeubeba hataki moshi wake uonekane. Magunia ya unga ule yalitosha jeshi zima kwa siku tatu, na njia ya siku tatu ni moja tu: ya darajani.

Akiwa katika mawazo hayo akajisahau. Alikuwa akisonga ugali, akagonga mwiko kwenye ukingo wa chungu kama afanyavyo mama yake. Kavundo hawagongi mwiko. Kwao ni kuita wafu. Askari akageuka.

Zamda akawahi. Akamzaba Kidawa kofi, akamwambia askari kwamba huyo ni mtoto wa dada yake, kalelewa ovyo. Kisha akamtuma kuni nje ya lango, na pale mlangoni akamnong’oneza: “Wanangu wawili wamo katika jeshi hilo, nami sitaki wapigane. Kimbia ukawaonye wenu.” Kidawa hakurudi, na kwa kosa hilo Zamda akafukuzwa nchini, akakimbilia Lumeta.

Wazee kumi na wawili wa baraza la Lumeta walimsikiliza Kidawa, wakaulizana kama siku hizi vita hupimwa kwa unga, wakacheka, wakaahirisha kikao. Mwatatu, aliyesikia yote akiwa mlangoni, hakuahirisha. Alichukua panga akalikata daraja lake mwenyewe, bila ruhusa ya mtu. Jeshi likafika, likatazama korongo, likarudi. Hakufa hata mmoja.

Mfalme wa Lumeta akaongeza kiti barazani kwa aliyeuokoa ufalme. Kimoja. Wanawake hao watatu wasipokubaliana kabla ya adhuhuri, atakaa mpwa wake, ambaye tayari alikwisha kuja na mto wa kukalia.

Na wale kumi na wawili, waliketi kwa kuokoa nini? Hakuna aliyewahi kuwahoji.

“Bila habari yangu,” alisema Kidawa, “panga lingekata nini?”

“Bila kofi langu, binti, ungezikwa na habari yako,” alisema Zamda. “Wewe una kwenu. Mimi nina nini tena?”

“Mimi nina kesi,” alisema Mwatatu. “Daraja lilikuwa mali ya mfalme. Nikikosa kiti hicho, wazee walewale watanihukumu kesho.”

Jua limekaribia utosini, na hakuna anayerudi nyuma. Msiniambie wagawane, kiti hakigawanyiki. Je, wewe ungemkalisha nani?

Tafadhali taja jina moja, kisha utueleze kwa nini.