Pimbi na Kibandiko cha "Mashine Zote"

Paukwa!
— Pakawa!
Paliondokea kibandiko!
— Kikabandikwa pasipo pake!

Zamani za kompyuta za wanyama, Pimbi alikuwa fundi wa programu. Alizitia katika vifurushi, na katika kibandiko cha kila kifurushi akaandika mashine zinazokipokea: "Za pembe, ndiyo. Za majini, siyo. Za manyoya, siyo." Ndiyo yake ilikuwa ndiyo, na siyo yake siyo. Wanyama wakamwamini.

Kiboko, mwenye shingo ngumu, aliiweka mashine yake ifunge lango la mto, akanywa peke yake huku bonde likikauka. Kila asubuhi alifika kibandani kwa Pimbi: du! du! du!

"Pimbi! Kipi cha majini?"

"Leo hakuna, Bwana Mkubwa. Hiki ni cha pembe."

"Kesho nisikute hakuna, we kijinyama! Nitakukanyaga uwe mkeka!"

Pimbi akawaza: huyu ameomba, na apewe. Akafuta maneno yake ya kweli juu ya kile kifurushi cha pembe, akaandika: "Mashine zote."

Du! du! du! Kiboko akasoma.

"Ahaa! Ulikuwa wanificha!"

Akachukua nakala, akaitia katika mashine yake. Krr, krr, tiki... pyuu! Mashine ikafa. Lango likafunguka: bwaaa! Bonde likanywa. Wanyama wakamwinua Pimbi mabegani, naye akacheza, akakisahau kibandiko.

Walipokuwa wakicheza, Bi. Kanga mjane akachukua nakala yake. Mashine yake ndiyo iliyoyapa mayai joto. Krr, krr, tiki... pyuu!

Ngoma ilipokoma, mayai yalikuwa yamepoa.

"Bi. Kanga," Pimbi akasema, "hukujua kuwa yako ni ya manyoya?"

"Nilijua, mwanangu. Lakini mkono wako uliandika zote. Mimi ni nani niubishie mkono wako?"

Pimbi akayalalia yale mayai kwa tumbo lake dogo mpaka jua likachwa. Hakuna lililotikisika.

Basi, fundisho ni hili: ukitaka kubebwa mabegani, andika "zote", wala usijichoshe kupima. Mwovu ataanguka, nao watakushangilia. Na asiye na hatia Mungu atamhurumia, maana wewe hukumhurumia.

Ngano yangu imefika ukingoni. Utamu wake gawaneni; uchungu wake kila mmoja aufunge katika pindo la nguo yake.