Barua za Jumamosi

Theluji ilikuwa imeyeyuka Parkdale, mtaa mmoja wa Toronto, na kando ya barabara yalibaki matope meusi ya mwisho wa Machi. Katika chumba kimoja juu ya duka la kufulia nguo, Otilia alikuwa ameinamia meza akipanga karatasi. Ulikuwa mwaka 2012, mwezi wake wa tano katika shirika dogo lisilotafuta faida, lililochunguza maisha ya dubu weusi wa porini. Kazi hiyo aliipata kwa jasho. Miaka miwili alihudhuria masomo ya jioni, mwanawe Abigael akisinzia kwenye kigari kando ya dawati, mkono mmoja ukiandika na mwingine ukisukuma kigari taratibu.

Mumewe, Bernard, aliyefanya kazi ghalani katika mji jirani wa Brampton, hakuchoka kumtania. "Mama Abi, simba wa kwetu umewaacha bila hata kuwaaga, ukaja kuwatumikia dubu wa watu?"

"Simba hawakunipa mshahara, Baba Abi."

Mkuu wa shirika alikuwa Feroz Madatali, mzee mzaliwa wa Tanga, aliyewapenda dubu kama mboni ya jicho lake. Kila Ijumaa ya kiangazi, yeye na wenzake wa kujitolea walisafiri mwendo wa saa tatu kwa gari hadi msitu mmoja wa kaskazini, kando ya ziwa. Huko walizungushia miti seng'enge, kisha katikati wakamwaga mafuta ya samaki na damu ya ng'ombe iliyochacha. Chakula hawakuweka, ila harufu tu. Dubu aliivuta harufu, akavuka seng'enge, akaacha nywele chache kwenye miiba. Maabara ikizipima nywele hizo, ilijulikana ni dubu yupi na ni mtoto wa nani. Miaka sita walikuwa wakiifanya kazi hiyo bila kuruka hata mwaka mmoja.

Lakini msitu ulikuwa mali ya mji mdogo wa pale ziwani, na kibali kilikuwa kinakwisha. Halmashauri ya mji ingepiga kura Alhamisi ya wiki ile, na kabla ya kura ilitaka ripoti ya maoni ya wananchi kuhusu shirika. Kibali kikikosekana, uchunguzi wa miaka sita ungekatika kama uzi. Otilia ndiye aliyepewa kazi ya kuiandika ripoti.

Mzee Feroz alimkabidhi bahasha nene yenye barua arobaini, zote zikilimwagia shirika sifa. Otilia alizisoma akitabasamu. Jumatatu, alipokuwa akitafuta karatasi kabatini, mkono wake ukagusa boksi la viatu. Ndani yake mlikuwa na barua nyingine ishirini na tatu.

Hizo hazikuwa na sifa. "Mnachezea maisha yetu," ilisema moja. Nyingine ilimwita Feroz mchawi wa dubu. Tatu zilitoka kwa mama mmoja aitwaye Doreen. Katika ya mwisho aliandika kwamba mtoto wake wa miezi saba alikuwa amelala barazani dubu alipopanda ngazi, akanusa jiko la kuchomea nyama, kisha akanusa kitanda cha mtoto.

Otilia aliiweka barua chini. Alimwona Abigael wake kwenye kitanda kile. Akainua simu.

"Nimewaandikia mara tatu," Doreen alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa kwenu kunipigia."

"Naomba radhi, mama. Unakumbuka ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi. Dubu wanakuja Jumamosi. Muulize yeyote hapa."

Neno hilo lilimkaa Otilia kama mwiba kwenye unyayo. Siku mbili nzima alizipanga barua zile kwenye kalenda, tarehe kwa tarehe. Jumatano asubuhi akapiga moyo konde, akalipeleka boksi mezani kwa mkuu wake.

Feroz alilitazama kama mtu anayemwona mgeni asiyemwalika. "Hilo umelitoa wapi?"

"Kabatini, mzee. Kati ya barua ishirini na tatu, kumi na tisa ni za Jumamosi."

"Ah, mama wee! Watu wa mjini huenda ziwani Jumamosi. Lazima walalamike Jumamosi. Wangelalamika Jumanne wakiwa ofisini?"

"Hata mimi niliwaza hivyo. Lakini daftari lako linaonyesha Agosti iliyopita gari letu lilikaa gereji mwezi mzima, hatukumwaga harufu hata mara moja. Watu walikuwa ziwani kama kawaida, na barua haikuja hata moja." Otilia akavuta pumzi. "Mzee, sisi tunamwita dubu karamuni Ijumaa, anakuta sahani tupu. Kesho yake majirani wanachoma nyama. Unadhani ataelekea wapi?"

Feroz alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Miaka sita alikuwa akimwaga harufu Ijumaa kwa sababu moja tu, kwamba wasaidizi wake walipata nafasi siku hiyo.

"Tuhamishie Jumatatu," Otilia alisihi, "tena ng'ambo ya kilima, mbali na nyumba. Na tuwaambie wenyewe kesho, kabla hawajatuambia."

"Ukianika kidonda sokoni, mwanangu, nzi hawatakuuliza kilianzaje. Siku tutahamisha, ndiyo. Lakini kwanza tupate kibali. Andika ripoti kwa zile arobaini."

"Sitaiandika hivyo, mzee. Nitaziandika zote sitini na tatu."

"Basi nitaiandika mwenyewe," alisema Feroz, akalirudisha boksi kabatini.

Usiku ule Bernard alimshauri anyamaze, kazi zilikuwa adimu kama wali wa daku. Otilia alimfunika mtoto, akasema, "Kama ningekuwa mimi yule mama, ungetaka nani anyamaze?" Asubuhi Otilia alilitoa boksi kabatini na kulipakia garini, Feroz akiona. Mzee aliwasha gari.

Ukumbi wa mji ulijaa hadi mlangoni. Feroz alisoma ripoti yake kwa sauti nzuri, wajumbe wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha mwanamke mmoja akasimama na mtoto begani.

"Naitwa Doreen. Katika barua hizo arobaini, yangu ni ya ngapi?"

Feroz alipekua kurasa za ripoti yake, akazipekua tena. Mwingine akasimama, akauliza vilevile, na wa tatu, na wa nne. Mzee yule aliyekuwa na jibu la kila swali kuhusu dubu alisimama mbele ya watu kama kuku aliyenyeshewa.

Ndipo Otilia akainuka. Alilifungua boksi, akazisoma barua zote ishirini na tatu, hata ile ya mchawi. Akaeleza habari ya Ijumaa na Jumamosi, ya gari la gereji, na ya siku waliyotaka kuhamia. Hakupamba wala hakupunguza.

Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Feroz. "Dubu wako hawajatukosea. Haya ungaliyazungumza wewe mwanzoni, mimi ningalikupigia kura." Mikono ikanyoshwa. Kibali kilinyimwa kwa mwaka mzima, na ilisemwa wazi kwamba shirika likitaka kuomba tena, atakayeleta ripoti awe yule mama wa boksi.

Walikuwa garini, taa za Toronto zimeanza kuonekana. "Mwaka wa saba utakuwa ukurasa mtupu," alisema Feroz. "Nimeupasua mwenyewe."

"Tutaandika wa nane, mzee."

Kiangazi kile Otilia aligonga kila mlango kando ya ziwa, Abigael mgongoni, akiandika kila alichoambiwa, kitamu na kichungu. Mwaka uliofuata kibali kilirudi, na mkono wa kwanza kunyoshwa ulikuwa wa mwenyekiti. Lakini nywele za mwaka ule mmoja, na habari za watoto wa dubu waliozaliwa ndani yake, hakuna aliyeweza kuzirudisha. Feroz hakumlaumu mtu. Kila alipoulizwa na wageni kwa nini daftari lake lina pengo, aliwajibu kwa Kiswahili chake cha Tanga: mficha maradhi, kifo humuumbua.