Watatu Waliomfaulisha Oliva

Sogeeni karibu, na mwenye la kumwambia jirani amalize sasa hivi, maana nikianza sitarudia.

Katika ofisi moja ya miradi ya maji mjini Njombe walikuwako wafanyakazi wanne. Kastuli Sanga alikuwa mhandisi, na alijaliwa ulimi wa kufafanua. Jambo gumu likipita kinywani mwake lilitoka limelainika, hata mtoto angelimeza. Salome Kilasi alikuwa katibu muhtasi, na alijaliwa jicho. Katika kurasa mia, koma moja ikikaa pasipo pake, Salome ataiona kabla hajaketi vizuri. Mgaya alikuwa dereva. Yeye kipaji chake kilikuwa ubishi: hakuwahi hata siku moja kukubali kwamba njia imekwisha.

Wa nne ni Oliva Mlelwa, msimamizi wa kazi, mama wa watoto wawili, na huyu ndiye mwenye hadithi. Oliva alizijua kazi za maji kuliko wote. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake. Hakujiamini.

Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, mkurugenzi aliwaita wote wanne ofisini kwake akawasomea barua ya wafadhili. Ilisema hivi: kufikia mwezi wa nne, mradi wowote usioongozwa na mtu mwenye cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi utafungwa.

Mradi wao ulikuwa wa maji ya mserereko, yanayoteremka yenyewe bila pampu, kutoka chanzo cha mlimani hadi vijiji tisa. Katika kijiji cha Lwang'ombe, akina mama walikwisha kuchimba mtaro wa kilomita sita kwa majembe yao wenyewe. Mtaro ulikuwa wazi, ukisubiri mabomba.

"Kastuli, wewe ni mhandisi," mkurugenzi alisema. "Fanya huo mtihani."

"Sikubaliwi, bosi. Wanataka miezi thelathini na sita ya kuongoza miradi. Mimi ninayo thelathini na mmoja."

"Nani basi anayo?"

Macho yote yakamgeukia Oliva. Alihisi shingo inawaka moto.

"Niliwahi kuufanya," alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka juzi. Sikumwambia mtu. Nilifeli."

Salome aliacha kuandika. Miaka minane amekaa naye meza kwa meza, na hilo hakulijua. Mkurugenzi alivua miwani, akaivaa tena.

"Utaufanya tena," alisema. "Mwisho wa mwezi wa tatu. Hatuna mwingine."

Kuanzia siku hiyo, kila saa kumi jioni, Kastuli alimfuata Oliva katika stoo ya mabomba, wakageuza kreti kuwa meza. Oliva alifungua kitabu kinene kilichomtesa tangu mwaka juzi. Ukurasa uliomshinda kuliko yote ulihusu namna ya kupanga kazi nyingi ili ujue ipi ikichelewa itachelewesha mradi mzima. Ulikuwa na visanduku na mishale, na Oliva kila akiutazama aliona utando wa buibui.

Kastuli alikifunga kitabu.

"Dada Oliva, kuna msiba. Watu mia mbili watakula saa saba. Unapika maharage, ugali na kabichi. Unaanza na nini?"

"Maharage. Yanakaa jikoni saa tatu."

"Kabichi ikichelewa nusu saa?"

"Si neno. Itaiva wakati ugali unasongwa."

"Na maharage yakichelewa nusu saa?"

"Watu watakula saa saba na nusu," alisema Oliva, kisha akashika mdomo. Alikifungua kitabu haraka, akatazama vile visanduku. Safari hii aliona sufuria. "Kastuli! Ni hiki tu? Miaka miwili nalia kwa ajili ya maharage?"

Kwa miezi miwili Kastuli hakukosa jioni hata moja. Na jueni kwamba hakuwa mtu asiye na la kwake. Alikuwa amebakiza miezi mitano tu atimize masharti, na ofisi nzima ilijua kwamba kiti cha meneja kingekuwa chake. Sasa alikuwa akimfundisha mtu atakayekikalia. Oliva alipomuuliza kama haimuumi, alijibu, "Inaniuma. Fungua ukurasa wa mia mbili na kumi."

Basi Oliva akakijua kitabu. Ukimuuliza kwa mdomo, alijibu kila kitu. Lakini akikaa na mtihani wa majaribio, alama zilikuwa zilezile: hamsini na nane, hamsini na sita, hamsini na nane. Mara ya tatu aliposahihishiwa, aliingia chooni akakaa huko hadi macho yakauke. Kisha akaandika barua ya kujitoa, akaiweka kwenye trei ya Salome ipelekwe kwa mkurugenzi. Ilikuwa Jumanne, na siku kumi na saba tu zimebaki.

Jumatano hakusoma. Alhamisi hakusoma. Alijishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, na alishangaa zaidi kwamba mkurugenzi hamwiti. Ijumaa Salome alimwita, akafunga mlango, akavuta mtoto wa meza. Ile barua ilikuwa ndani, bahasha imefunguliwa na Salome peke yake.

"Sijaipeleka," Salome alisema.

Oliva alihisi damu inampanda kichwani. "Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna. Bosi akijua, leo hii nafungasha vitu vyangu. Lakini kabla hujanigombeza, njoo hapa dirishani."

Mkononi alikuwa na karatasi za mitihani mitatu ya majaribio. Oliva aliifanya kwa penseli, na kila alipobadili jibu alifuta kwa raba. Salome aliinua karatasi moja kwenye mwanga wa jua. Chini ya kila alama iliyofutwa kulikuwa na kivuli cha alama ya kwanza.

"Nimezihesabu siku tatu, dada. Umefuta majibu tisini na manne. Katika hayo, sabini na moja yalikuwa sahihi kabla hujayafuta."

Oliva aliitwaa karatasi, akaisogeza karibu na kioo. Swali la nne, sahihi, limefutwa. La tisa, sahihi, limefutwa. La kumi na mbili. La kumi na tatu. Akatafuta kiti.

"Wewe hufeli," Salome alimwambia polepole. "Unajifelisha."

Akachukua raba zote za ofisini akazifungia kabatini. Wiki mbili zilizofuata Oliva alifanya majaribio kwa kalamu ya wino, na Salome alikaa mbele yake kama askari. Mkono wa Oliva ukirudi juu kwenye swali lililokwisha jibiwa, Salome aligonga meza. Alama zilipanda hadi sabini na tisa. Ile barua waliichana pamoja.

Ikafika siku yenyewe. Mtihani ulifanyikia mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa gari, na mlango ungefungwa saa nane kamili mchana. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku mbili bila kupumzika. Alfajiri, Mgaya alisimamisha gari la ofisi mlangoni kwa Oliva, taa zinawaka.

"Kamwene, dada," alimsalimu kwa lugha ya nyumbani. "Panda."

"Bosi hakusema magari yasitoke, kaka Mgaya?"

"Panda, dada. Tutaongea njiani."

Njiani hawakuongea. Walikuwa wamekwenda saa mbili walipofika kwenye mto mdogo ambao Oliva ameuvuka mara mia, na daraja halikuwepo. Si kwamba lilikuwa limeharibika. Halikuwepo kabisa. Palibaki nguzo moja, na maji mekundu yakipita na magogo. Oliva alishuka akasimama mvuani, hawezi hata kulia.

"Imekwisha," alisema.

"Nini kimekwisha?" Mgaya aliuliza, kwa mshangao wa kweli. Alikuwa tayari anageuza gari.

Aliingia katika mashamba ya chai, akatokea kwenye misitu ya mbao, katika vijia vya kubebea magogo ambavyo havimo katika ramani yoyote. Gari lilikwama. Akavua koti lake la baridi, la pekee alilokuwa nalo, akalitandika chini ya tairi, wakatoka. Likakwama tena. Akang'oa zulia la gari. Mbele zaidi mti mzima wa msindano ulikuwa umelala njiani. Mgaya alikimbia kwa miguu kufuata mlio wa msumeno msituni, akarudi na wapasua mbao wanne, nao wakaukata mti vipande vitatu huku Oliva akitazama saa yake.

Saa nane kasoro dakika tisa walisimama mlangoni. Oliva alikuwa na tope hadi magotini.

"Sasa nikwambie," Mgaya alisema akimfungulia mlango. "Bosi alikataa. Nilimwomba mara mbili, akakataa mara mbili. Funguo nilizichukua mwenyewe. Nenda."

Oliva aliingia ndani mdomo wazi.

Yalikuwa maswali mia moja na themanini, kwenye kompyuta. Mengi alitaka kuyarudia, lakini alijibu na kusonga mbele. Alipobonyeza kitufe cha mwisho, skrini ikawa nyeupe, kisha yakatokea maneno machache. Aliyasoma. Akamwinulia mkono msimamizi wa mtihani.

"Samahani, kaka. Hebu nisomee hapa."

"Umefaulu, mama."

"Soma tena."

"Mama, umefaulu!"

Nje, Mgaya alimwona anakuja akashuka garini. "Vipi?" Oliva akaketi chini pale pale kwenye changarawe. Mgaya alidhani amefeli, naye akaketi kando yake. Oliva akamshika mkono, akaitikia kwa kichwa kwamba amefaulu.

Ofisini walipika pilau. Hata mkurugenzi alicheza, ingawa kabla ya kucheza alimkabidhi Mgaya barua ya onyo kali. Wiki tatu baadaye mabomba ya kwanza yalishushwa Lwang'ombe, na akina mama waliyapokea kwa vigelegele.

Kisha mkurugenzi akamwita Oliva peke yake, asubuhi ya Alhamisi. Hakumtazama usoni.

"Keti, meneja. Wafadhili wamejibu. Mradi unaendelea. Ila wamepunguza watu. Wewe utabaki na msaidizi mmoja. Watamsomesha hadi naye apate cheti, na kazi yake itakuwa ya kudumu."

"Mmoja?"

"Mmoja. Mikataba ya wengine wawili inaisha mwisho wa mwezi huu. Hawajali msaidizi awe na elimu gani. Wamesema meneja ndiye achague." Akasukuma karatasi mezani. Ilikuwa na mstari mmoja mtupu. "Wanataka jina kabla ya saa nane leo."

Oliva aliitazama karatasi ile kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. "Bosi, hawa watatu ndio walionifaulisha."

"Najua. Niliwaomba wafadhili wabakize wote. Wamekataa."

Aliporudi mezani kwake, habari ilikwisha kufika. Kastuli alikuja wa kwanza, akasimama, hakuketi.

"Sitakuzunguka, dada Oliva. Niandike mimi. Ulikuwa huna kitu kichwani, nikakijaza. Na kiti unachokikalia nilibakiza miezi mitano kiwe changu. Wangekusaidia vipi hawa wawili kwenye mtihani usioujua?"

Salome alikuja na faili mikononi, akajifanya analipanga. "Mimi siombi, dada. Nauliza tu. Alichokufundisha Kastuli ulikuwa nacho chote siku ile ulipoandika barua, na bado ulijitoa. Ningeipeleka, kungekuwa na mtihani? Kungekuwa na safari?"

Mgaya hakuingia. Oliva alimfuata nje, akamkuta anaosha gari. Aliendelea kuosha.

"Mimi ni dereva," alisema. "Siwezi kushindana na wasomi kwa maneno. Lakini ulifika kwenye ule mto ukiwa umefundishwa na umetiwa moyo, na bado ulisema imekwisha. Mimi niliweka kazi yangu rehani siku ile. Barua ya onyo bado iko kwenye faili langu. Nani mwingine atamwajiri dereva mwenye barua kama hiyo?"

Oliva alirudi ndani. Aliwaza kuandika majina yote matatu, lakini mkurugenzi alikwisha kumwambia: ukiandika zaidi ya mmoja, watachagua wafadhili wenyewe, nao wana mtu wao. Aliwaza kujiuzulu, akakumbuka kwamba bila cheti chake mradi unafungwa na mitaro itafukiwa na mvua.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro robo. Mlangoni walisimama watatu, hakuna anayemtazama mwenziwe. Oliva alishika kalamu, akaiweka juu ya ule mstari mtupu.

Mmoja alimpa elimu, akitoa nafasi yake mwenyewe. Mmoja alimrudishia imani, kwa kuficha barua isiyokuwa yake. Mmoja alimfikisha, kwa kuchukua gari alilokatazwa. Ukimwondoa yeyote kati yao, Oliva hana cheti na Lwang'ombe hawana maji.

Haya, mlionisikiliza. Mimi nanyamaza hapa. Mstari ni mmoja, na dakika ni kumi na tano. Kama kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na hao wawili watakaosoma jina lisilo lao, ungewaambia nini?