Macho ya Binti wa Mbonea

Hapo zamani, zamani ambayo wengine wetu tuliiona wenyewe, katika milima ya Upare wanakolima tangawizi, aliishi mama mmoja aitwaye Nakiete. Alikuwa na mtoto wa kiume, Mbonea, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Jioni moja aliinua kibatari, akaona jicho la kushoto la mwanawe linang'aa weupe kama la paka. Akamwambia mumewe. Mumewe akasema litapoa. Akawaambia mawifi. Mawifi wakasema litapoa. Nakiete akamfunga mtoto mgongoni, akashuka mlima kwa miguu mpaka hospitali.

"Tukiliacha jicho hili, mtoto atakufa," madaktari wakamwambia.

"Basi litoeni."

Aliporudi na mtoto wa jicho moja, mawifi wakapiga yowe. "Ameuza jicho la mtoto kwa wachawi!" Mumewe akampokonya mtoto, akamfukuza. Nakiete akarudi kwao, ng'ambo ya bonde, akalima tangawizi yake peke yake. Mbonea akakua akiambiwa habari za jicho lililouzwa. Akikutana na mama yake gulioni, hakumwamkia.

Mbonea akaoa. Mkewe, Namkunda, akazaa mvulana, wakamwita Mbazi. Hajamaliza kuota meno, jicho lake nalo likaanza kung'aa. Habari zikavuka bonde. Nakiete akaja mbio, akasimama uani.

"Mpelekeni leo. Msingoje."

Mbonea akatoka na hasira. "Uliuza langu, sasa unataka na la mwanangu?" Akamfukuza, kama baba yake alivyomfukuza.

Namkunda akambembeleza mumewe, akambembeleza, mpaka akachoka, akamchukua mtoto mwenyewe. Lakini walikuwa wamechelewa. Ilikuwa saratani ya jicho, na ilikwisha kuingia ubongoni. Jicho likatolewa kumpunguzia maumivu. Mbazi hakupona.

Daktari wao, mwanamke aitwaye Tunsume, akawauliza wazazi kwa sauti ya chini, "Mnaniruhusu nilichunguze jicho lake?"

Namkunda akasema, "Lichunguze. Huenda likatuambia kitu."

Daktari akamgeukia Mbonea. "Na lako lilipotelea wapi?"

"Mama yangu aliliuza."

Daktari hakucheka. Akaomba damu yake.

Majibu ya jicho na ya damu yalipotoka, akawaketisha. "Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno. Ndani ya kila chembe kuna maandishi: lini ikue, lini iache kukua. Amri hii ya kuacha imeandikwa mara mbili, nakala moja ya baba, moja ya mama. Wewe, Mbonea, ulizaliwa na nakala moja mbovu. Imekosewa herufi moja. Nakala nzima ilikulinda, mpaka nayo ikaharibika katika chembe moja tu ya jicho lako. Chembe hiyo ikawa haijui tena kuacha. Mbazi alirithi kosa lile lile kwako."

"Aliyekosea ni nani?" Mbonea akauliza.

"Hakuna mtu. Kila chembe inapogawanyika hunakili maandishi yote upya, na ni marefu kuliko vitabu vyote ulivyowahi kuviona. Nimesomea kazi hii, na bado mimi hushangaa kwamba karibu kila mara inapatia." Kisha akaongeza, "Aliyekubali jicho lako litolewe ndiye aliyekuokoa."

Mbonea akavuka bonde. Akamkuta mama yake shambani, akapiga magoti kwenye udongo. "Shikamoo, mama."

Nakiete akaweka jembe chini. "Marahaba." Aliposimuliwa yote, akaitazama ncha ya kidole chake. "Herufi moja?"

"Moja, mama."

"Ndogo hivyo, ikanitoa nyumbani kwangu!"

Namkunda alipotaka mtoto mwingine, daktari hakumficha: anaweza kurithi, anaweza asirithi, nusu kwa nusu. Namkunda akasema, "Nitazaa. Safari hii sitangoja kuona jicho liking'aa."

Akazaa msichana. Kwa kuwa jicho la Mbazi lilikwisha kuonyesha kosa liko wapi, daktari alijua pa kutazama katika damu ya mtoto. Akalikuta kosa lile lile. Akachungulia machoni, akaona vidoa vidogo kama mbegu za mchicha, akavichoma kwa mwanga. Vikaota vingine, akavichoma. Kila mara Namkunda alishuka mlima na mtoto, kila mara alimkabidhi alazwe usingizi wa dawa, kila mara alisimama mlangoni akimngoja. Alikataa mtoto apewe jina kwanza. Watu wakamwita Mgeni tu.

Hatimaye daktari akasema, "Tutaendelea kumwangalia. Lakini anaona, kwa macho yote mawili."

Ukoo ukakusanyika, Mbonea ataje jina.

Nakiete akasema, "Mpe langu. Nisingekubali jicho lako litolewe, usingekuwepo, na huyu asingezaliwa. Nilifukuzwa na baba yako, nikafukuzwa na wewe. Sioni haya kulidai."

Namkunda akasema, "Mama, nakuheshimu. Lakini ni jicho la Mbazi lililomwongoza daktari. Yeye amelala kaburini, dada yake anaona. Jina lake lamfaa hata msichana. Aitwe Mbazi."

Ndipo akasimama shangazi yake Mbonea, mmoja wa wale waliopiga yowe. "Sina haki ya kusema, ila nitasema. Nakiete alimpigania mtoto aliyekwisha kumzaa. Mbazi, Mungu amrehemu, hakuchagua. Namkunda alitoka makaburini, akajua hatari yote, akabeba tena. Mpe la mama yake."

Mbonea akampakata binti yake. Mtoto akamshika pua, akamkazia macho mawili maangavu. Mbonea akafumbua kinywa, akataja jina.

Binti huyo yupo, ni mkubwa sasa, na jina analo. Mimi silitaji. Nawauliza ninyi mnaonisikiliza: mngekuwa mmempakata mtoto yule, na bibi, mama na shangazi wanawatazama, mngetaja jina la nani?