Saa Mbili na Swaumu Moja

"Iliyosimama mezani yataka mkono, ikimbiayo mkononi yataka fundi." Juzi mlimsikia mama yenu akimjibu mkwewe hivyo, mkacheka, na leo mmekuja kuuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Maneno haya ni ya huku huku Kondoa, na kilichoyaleta ni saa mbili kuukuu na swaumu ya kijiji kizima.

Mzee Swedi, mwadhini, alikuwa na saa ya zamani, ya zile zisizo na betri wala kutiwa ufunguo: mkono ukitembea, nayo inajijaza. Ramadhani ikiangukia masika, jua halionekani, watu walifuturu kwa saa hiyo. Mwaka mmoja Mzee Swedi akashikwa na homa, akalala. Saa ikavuliwa, ikawekwa mezani. Siku ya pili ikasimama.

Chande, katibu wa msikiti, alikuja kuiazima, akaitazama, akaguna.

"Shemeji, hii imekufa. Ipelekeni kwa fundi. Tutatumia yangu, haijasimama tangu niivae."

Bi Mwajabu, mke wa mwadhini, akairudisha saa mezani. Saa ya Chande aliijua. Ilikuwa ya aina ile ile, ila inang'aa. Kila asubuhi redio ya dukani ikitaja saa, Chande aliurudisha mshale nyuma dakika tatu huku akipiga soga, kama mtu anayejikuna. Saa ya mumewe haikuguswa mshale tangu mwezi uandame. Bi Mwajabu akawaza: mume wangu amelala siku mbili, saa nayo imelala siku mbili. Huu ni ugonjwa, au ni njaa?

Jioni ile akasema bismillahi, akaivaa mwenyewe. Mkanda ulimpwaya, akaupandisha hadi karibu na kiwiko. Akatwanga kisamvu, akafagia ua, na mshale ukaanza kutembea. Akaiweka sawa kwa redio ya dukani.

Kesho yake mto ukajaa, barabara ikakatika, na betri za redio zikaisha. Siku nne Chande hakupata wa kumsahihisha.

Siku ya nne wingu lilikuwa zito. Bi Mwajabu alikuwa anaepua uji aliposikia Chande akiadhini magharibi. Akatazama kiwikoni: bado dakika kumi na mbili. Kuku walikuwa wangali wakichakura uani. Angenyamaza, watu wote wangekula mchana. Akajitanda ushungi, akaenda mbio hadi ua wa msikiti. Wanaume walikuwa wameshika tende.

"Msile! Jua bado!"

"Shemeji," Chande akasema, tende imo mdomoni, "saa ya mgonjwa nayo ni mgonjwa."

"Mgonjwa wangu leo ameketi, Katibu. Wako ulikuwa ukimrudisha nyuma kila asubuhi. Tangu redio inyamaze, nani amemrudisha?"

Watu wakatazamana. "Sasa tuamini ipi?" mmoja akauliza. "Saa mbili, kauli mbili!"

Imamu akairudisha tende yake sahanini. "Tukingoja bure, tumechelewa dakika chache. Tukila mapema, tumepoteza siku. Tungojeni."

Wakangoja, tende mikononi. Mara wingu likapasuka upande wa magharibi, na jua likawamulika usoni, jekundu, zima, juu ya kilima.

Chande akatema kokwa taratibu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amekwisha kumeza.

"Haya, shemeji, hii yangu niitupe?"

"Kwa nini uitupe? Iliyosimama mezani yataka mkono. Ikimbiayo mkononi yataka fundi."

Hata Chande akacheka. Mto ulipopungua, akaipeleka saa mjini. Fundi akaifungua, akakuta mafuta yamekauka kama gundi na kuunata utepe wa ndani, ndiyo maana ikawa inakimbia. Akaisafisha, akaitia mapya, ikarudi ikienda sawa. Siku yake Chande aliilipa baada ya Idi, peke yake, majirani wakipika pilau.

Na Mzee Swedi? Walikuwapo waliokwisha kunong'ona kwamba amechoka, atafutwe mwadhini mwingine. Ijumaa iliyofuata jioni ile, hao hao walikwenda kwake, mmoja akamshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wakamfikisha mlangoni pa msikiti. Sauti yake ilitoka nyembamba mwanzo, kisha ikajaa, ikavuka mto.

Kwa hiyo, wajukuu, mkimwona mwenzenu amekwama, msiseme amekwisha. Na mkijiona mnakwenda mbio, huku kila siku mnajirudisha nyuma kidogo, msijisifu kwamba hamjasimama. Iliyosimama mezani yataka mkono. Ikimbiayo mkononi yataka fundi.